Unataka kufanya mazoezi ya velo kama wale wa Tour de France lakini uko Lushi (Lubumbashi)? Anzia hapa

Kila siku ya Mungu asubuhi, kabla hatujaondoka, hakukosekani kijana mpya wa kuniuliza: yaya, wale wa Tour de France wanafanyaka nini mpaka wanakuwa na nguvu vile? Anangoja nimwambie habari ya kupanda milima mpaka kutapika. Mimi namwambia sehemu kubwa ya kazi yao ni kuendesha polepole, kula na kulala. Haniamini. Halafu nikimwangalia barabarani naona shida yake yote iko wapi: kazi moja (Jumatatu) anakimbia, kazi mbili anakimbia, kazi tatu anashindana na pikipiki, siku ya posho (Jumamosi) miguu imekufa, na wiki inayofuata hatumuoni tena. Si mvivu hata kidogo. Ana haraka tu, na kwa velo haraka inaua vijana wengi wenye kipaji kuliko uvivu.

Basi naandika hapa namna ya kujipanga, ili nisirudie kila wiki mbele ya watu waliokwisha vaa kaske.

Kwanza ujue maisha yao yanafananaje. Mwendesha velo wa kulipwa anakaa juu ya kiti masaa 20 mpaka 25 kwa wiki, wakiwa kambini inaweza kufika 30. Kwa mwaka mmoja anafanya kilomita 25,000 mpaka 35,000. Msimu ukiisha mwezi wa kumi anaweka velo chini wiki mbili tatu, anakula anachotaka, anakaa na familia, kisha anaanza tena polepole. Mwezi wa 12 timu nyingi zinaenda Spain kutafuta jua, na kabla ya mashindano makubwa wanapanda kuishi juu ya mlima kama Teide au Sierra Nevada, zaidi ya mita 2,000, wiki mbili au tatu, ili damu itengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni. Sisi hapa tuko mita 1,200 hivi, haitoshi kwa hiyo kazi, kwa hiyo wanaosema Lushi iko altitidi tayari wasijidanganye. Tour yenyewe ni etapu 21 (vipande vya siku moja moja), kilomita 3,300 na zaidi, siku mbili tu za kupumzika, na hata hizo siku mbili wanapanda velo saa moja au mbili juu mwili ukisimama ghafla miguu inakuwa kama mbao.

Wewe una kazi, una masomo, una watoto. Masaa 25 huna. Lakini masaa 8 mpaka 12 ukiyapanga vizuri yanakufikisha mbali sana, na kanuni ni ileile: karibu 80 kwa 100 ya muda iko mwendo wa chini, kidogo kinachobaki ndicho cha kuumia.

Mwendo wa chini ni upi? Hauhitaji mashine. Ongea. Ukiweza kumhadithia mwenzako habari nzima, na mwanzo wake na mwisho wake, bila kumeza maneno katikati, uko mahali pazuri. Ukianza kujibu "ee" na "apana" tu, umepita, punguza. Wale wakubwa wanaangalia wati, kipimo cha nguvu ya miguu, kwenye kompyuta ndogo ya gido, lakini wanatafuta kitu kilekile. Kwa mwendo huo ndani ya misuli mitokondria zinaongezeka, hizo ndizo jiko la mwili, mishipa midogo ya damu inaongezeka pia, na mwili unajifunza kuchoma mafuta yake na kutunza sukari kwa ajili ya wakati wa vita. Ukikimbia kila siku nusu nguvu, ile si polepole na si haraka, unachoka kama mtu aliyefanya kazi ngumu lakini faida yake iko kidogo. Vijana wetu karibu wote wanaishi pale katikati.

Ukitaka kumuona mwalimu wa mwendo, simama asubuhi pembeni ya barabara za kuingia mjini uangalie watu wa makala. Mtu ametoka mbali, velo ya chuma, magunia yamefungwa mpaka yamezidi kichwa chake, na hana haraka. Kwenye kilima anashuka anasukuma, kwenye tambarare anapanda, anakunywa maji mahali palepale kila safari. Anafika. Mimi nawaheshimu sana wale wababa, na nakuomba ukiwakuta punguza, piga kelele mapema ujue atasikia, pita mbali, juu mzigo wake ni mpana na hawezi kukukwepa. Usimfuate kwa nyuma kukata upepo. Gunia likianguka mbele yako hapana hata nafasi ya kufunga freni.

Wiki yenyewe mimi naipanga hivi. Kazi moja hakuna velo, au saa moja ya kutembeza miguu tu. Kazi mbili ni siku ngumu ya kwanza: unapasha mwili joto dakika 20, kisha dakika 8 za nguvu mara nne, katikati unapumzika dakika 4 ukizungusha taratibu, halafu unarudi nyumbani. Nguvu gani? Ile ambayo dakika ya 8 unamaliza ukitamani iishe lakini ungeweza kuongeza moja. Ya kwanza ikikuua ujue ulidanganya, zote nne zinapaswa kufanana, na ya nne ikiwa chini sana ya kwanza, rudi nyumbani, mazoezi ya leo yameisha. Kazi tatu masaa mawili ya kuongea. Kazi ine unafanya mwendo wa kuongea tena lakini unaingiza sprinti sita za sekunde 10, kila moja ukipumzika dakika tano kabisa. Kazi tano pumziko. Siku ya posho safari ndefu, masaa matatu mpaka matano, polepole. Siku ya Mungu tunatoka kundi, hapo unaweza kuumia na wenzako, kisha unaoga unaenda kusali. Wiki tatu unaongeza kidogo kidogo, wiki ya nne unakata nusu. Hiyo wiki ya nne watu wanaiba, wanasema "najisikia muzuri acha niongeze". Unajisikia muzuri juu unapumzika, njo maana! Nguvu haiji ukiwa juu ya velo, juu ya velo unaharibu tu, mwili unajenga wakati umelala.

Ukishazoea dakika 8, baada ya miezi miwili jaribu 40/20: sekunde 40 kwa nguvu, 20 taratibu, unarudia mara 10, unapumzika dakika 5, unafanya raundi ya pili. Hiyo ni siku ya mashindano kweli, mtu anashambulia, unamfuata, anapunguza kidogo, anashambulia tena. Mara moja kwa wiki inatosha na usiweke pamoja na zile za dakika 8.

Milima hatuna, najua. Kila mtu analia milima. Pembeni ya Likasi kuna vilima, lakini kutoka hapa ni kilomita 120 na magari makubwa ya migodi yanapita usiku na mchana, na barabara ya Kasumbalesa nayo imejaa makamio yanayopeleka shaba mpakani, mimi pale sipeleki kijana hata mmoja. Tunatumia barabara ya Kipushi, kilomita 30 hivi kwenda, 60 kwenda na kurudi, ukiirudia mara mbili umepata 120 bila kuwa mbali sana na nyumbani. Na mlima wetu ni upepo. Mwezi wa nane na wa tisa upepo wa kiangazi unavuma mpaka vumbi linaingia kwa meno, tafuta upande unaopiga uso, weka gia nzito (pinyo ndogo ya nyuma), zungusha taratibu mizunguko 50 au 60 kwa dakika, kaa kwa kiti, mikono ilegee, dakika 6 mpaka 10 mara nne. Wale wa kulipwa wanafanya hii kwenye milima ya Spain, sisi tunafanya kwa upepo na mguu haujui tofauti. Lakini magoti yakianza kuuma acha, hii kazi haitaki ubishi.

Siku nyingine zungusha 85 mpaka 95. Namna ya kuhesabu: goti la kulia likipanda hesabu, sekunde 15, ukipata 22 au 23 uko sawa.

Ondokeni jua likiwa linaanza kutoka, si gizani. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi iko baridi kabisa, digri zinashuka chini ya 10, weka gazeti chini ya jezi kwenye kifua, wakongwe wa Ulaya wamefanya hivyo miaka mingi wakishuka milima na inasaidia kweli. Kukiwa kundi, kaa kwa gurudumu la mwenzako, nusu mita mpaka mita moja, usiangalie pine lake, angalia mabega yake na barabara mbele. Nyuma ya mtu unatumia nguvu kidogo sana kuliko yeye, inaweza kupungua theluthi moja au zaidi, juu kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa adui karibu wote ni hewa. Njo maana zamu ya mbele iwe fupi, sekunde 30 au dakika moja, halafu unapisha bila kuongeza mwendo. Kijana anayefika mbele na kuongeza kilomita tano ili tumuone, huyo anavunja kundi, na anajivunja mwenyewe.

Sasa kula, na hapa niko na mengi juu nimeona vijana wazuri wakianguka kwa njaa njiani wakidhani wamelogwa. Ndani ya misuli na ini una sukari ya kukutosha kama saa moja na nusu au mbili za kazi ngumu. Ikiisha, giza. Wale wa kulipwa zamani walikuwa wanakula gramu 60 za wanga kwa saa, leo wanafika 90 hata 120, wamezoeza tumbo kama wanavyozoeza miguu. Wananunua jeli za bei. Jeli ni nini? Ni glukosi na fruktosi. Na sukari ya jikoni kwako je? Ni glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Chukua litri moja ya maji safi, vijiko vikubwa vitano vya sukari visivyojaa sana, hiyo iko karibu gramu 60, robo ya kijiko kidogo cha chumvi, kamulia ndimu, tikisa. Umepata kinywaji cha kazi. Ndizi moja inakupa gramu 25 hivi. Wali ulioiva sana ukaufinyanga na sukari na chumvi kidogo, ukaufunga kwa mfuko, ni kilekile timu kubwa zinatia kwa mifuko ya wachezaji wao. Viazi vitamu vilivyochemshwa viko muzuri pia. Anza kula dakika ya 30, usingoje njaa, njaa ikifika umechelewa. Kunywa kila dakika 10 au 15 kidogo kidogo. Kwa safari za saa moja za polepole hauhitaji haya yote, maji yanatosha.

Nyumbani usiogope bukari. Kuna mtu anawaambia vijana waache bukari ili wapungue, na wanakuja hapa wanatetemeka. Mtu wa kulipwa siku ya mlima mkali anakula kalori 5,000, 6,000 na zaidi, nani amekwambia ukonde kwa kufunga? Usiku wa kabla ya safari ndefu kula bukari au wali wa kutosha na mboga kidogo. Asubuhi uji au mukate na chai ya sukari, masaa mawili au matatu kabla. Ukirudi, ndani ya saa moja kula tena, wanga na protini: wali na maharage, mayai, tusamaki, karanga. Munkoyo naupenda sana baada ya mazoezi, lakini ule mpya usiochacha, na uwe umetengenezwa na maji unayoyaamini. Sombe na lengalenga kila wiki kwa ajili ya madini ya chuma, hasa ninyi dada zangu, juu mnapoteza damu kila mwezi, na siku zenu zikikatika miezi kwa sababu ya mazoezi si ishara ya kuwa imara, mwili unasema haupati chakula cha kutosha. Nenda kwa daktari na kula zaidi. Siku ya posho usiku wa bia na siku ya Mungu asubuhi ya velo haviendi pamoja, chagua.

Lala masaa 8, ukiweza 9. Naelewa, kuna wenye zamu ya usiku, kuna jirani na muziki wake, umeme unarudi saa nane ya usiku na nyumba nzima inaamka kupiga pasi. Basi dakika 30 za mchana nazo zihesabu. Kila asubuhi kabla hujatoka kitandani weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika kwa kaye. Baada ya wiki mbili utajua namba yako. Siku inapopanda 8 au 10 juu ya kawaida, na usingizi ulikuwa mbaya, ile kazi ngumu ya leo iahirishe. Hata wale wenye madaktari na mashine wanaangalia hii.

Na ikipanda pamoja na baridi mifupani, usipande velo, nenda ukapimwe malaria. Nawaambia hii kwa uzito. Fausto Coppi, Mwitalia aliyeshinda Tour de France mara mbili na Giro, ile ya Italia, mara tano, mwezi wa 12 mwaka 1959 alikuja Haute-Volta, leo inaitwa Burkina Faso, kukimbia na kuwinda. Akarudi nyumbani na homa, madaktari wake hawakutambua ni malaria, tarehe 2 Januari 1960 akafa, miaka 40 tu. Rafiki yake Raphaël Géminiani alikuwa naye safarini, aliugua vilevile, yeye ikatambuliwa, akapona. Sisi tunaozaliwa nayo tunaizoea mpaka tunasema "ni kapalu tu" na kupanda velo na homa. Maliza dawa yote, kisha wiki nzima ya kutembeza tu, halafu ndio uanze kuongeza.

Velo yako mwenyewe si lazima iwe kaboni. Sheria ya UCI, shirikisho la velo la dunia, inasema velo ya mashindano isipungue kilo 6.8, yako ikiwa kilo 10 utafanya mazoezi vilevile. Lakini kiti kiwe sawa, hii ndiyo inayoharibu magoti ya wengi. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu katikati ya miguu kikibana juu kama kiti, pima kutoka juu ya kitabu mpaka chini, zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, kiti chako kiwe 70.6 kutoka katikati ya mhimili wa chini, pale mikono ya pedali inapozungukia (si pedali yenyewe), mpaka juu ya kiti. Anzia hapo, shusha au pandisha milimita chache tu kwa wakati mmoja. Shene ioshe kila wiki wakati wa vumbi, kila safari wakati wa mvua, kausha kabisa, tia tone moja la mafuta kwa kila pingili, pangusa yaliyozidi. Mafuta mengi yanakamata vumbi na yanakuwa msasa. Pine za milimita 25 au 28 hauhitaji kuzijaza mpaka zinalia, kwa mtu wa kilo 70 bar 5 mpaka 6 zinatosha, kwa barabara zetu hata chini kidogo. Beba shambrea mbili, si moja.

Jambo moja tena kabla sijasahau, dawa. Kijana anayetaka kufika mbali ajifunze mapema. Mtu wa kulipwa aliye kwenye orodha ya kupimwa anaandika kila siku mahali atakapokuwa, na dakika 60 za kila siku ambazo wakaguzi wanaweza kubisha mlango. Akikosekana au akiandika vibaya mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kusimamishwa hata kama mkojo wake ni safi. Hapa kwetu hatari iko karibu zaidi: tramadol inayouzwa kama karanga imekatazwa kwenye mashindano, UCI ilianza 2019, na WADA, shirika la dunia la kupinga dawa michezoni, ikaiweka kwenye orodha yake tangu 2024. Vile vidonge vya deksametazoni watu wanameza ili wanenepe, navyo vimekatazwa kwenye mashindano, mbali na ubaya wake kwa mifupa. Mtu akikuletea kidonge na kusema "hiki kinaondoa uchovu" bila kukwambia jina lake, mrudishie.

Mnaniuliza pia kama mtu wa hapa anaweza kufika. Angalieni Biniam Girmay wa Eritrea, alipita kituo cha UCI cha Aigle kule Uswisi, na mwaka 2024 akashinda etapu tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, ile ya pointi. Na mwezi wa tisa 2025 ubingwa wa dunia wa velo za barabarani ulikimbiwa Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika, wanaume kilomita 267.5 za vilima tupu, Tadej Pogačar wa Slovenia akashambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kati ya waliobaki nyuma wengi walikuwa watu wa kulipwa, wenye kila kitu. Kwa hiyo ukiachwa na kundi letu siku ya kwanza usijifiche nyumbani.

Anza na kipimo. Baada ya siku mbili za pumziko, nenda kipande cha barabara kisicho na makutano, chagua alama mbili, mti au bango, kama kilomita 10 zikitengana. Joto dakika 20, kisha kimbia kutoka alama moja mpaka nyingine kwa mwendo mmoja unaoweza kuushika mpaka mwisho. Andika muda, upepo ulitoka wapi, ulikula nini, mapigo ya asubuhi. Halafu fanya wiki nane kama nilivyosema, pamoja na zile wiki mbili za kupunguza, na usipime katikati hata ukiwashwa. Siku ya kurudi pale, toka saa ileile, na pine zijazwe sawasawa na ile siku ya kwanza.